Kichungulio cha Saa Nne

Jumatatu, 3 Juni

Katalogi imeganda tena. Saa nne kamili asubuhi, kama Ijumaa, kama Alhamisi. Dakika saba. Wasomaji kumi na mmoja kwenye foleni, kila mmoja na kitabu mkononi, na kompyuta ya dawati la kuazima imekodoa macho tu. Bibi wa Mhuri akatoa daftari lake la zamani na mhuri wa mpira, akaanza kuazimisha kwa mkono. Alikuwa na furaha isiyo na adabu. Akanipigia kelele mbele ya watu: shemeji, mashine yako imezimia, njoo uipepee! (Ananiita shemeji kwa kuwa yeye na mke wangu ni marafiki tangu darasa la kwanza. Mimi sikuulizwa.)

Saa tano Mkutubi Mkuu akatuita ofisini kwake, mimi na Tabasamu. Tabasamu ni fundi wa kompyuta aliyehamia kwetu mwaka huu kutoka maktaba ya chuo. Ana jina lake, lakini humu ataitwa hivyo, maana hata seva ikitoa moshi yeye atatabasamu. Mkutubi Mkuu akasema kwamba Bodi inakutana Ijumaa saa nane. Itamthibitisha Mkuu wa Mitambo. Pia inataka kuambiwa kwa nini katalogi inaganda. Hakuyaunganisha mambo hayo mawili. Alinitazama tu, na macho yake yakayaunganisha.

Mimi ni Kaimu Mkuu wa Mitambo. Nimekaimu miaka kumi na mmoja. Katika muda huo binti yangu ameanza sekondari, amemaliza, na ameolewa, mimi nakaimu. Kibao cha mlango wangu kina neno KAIMU kwa herufi kubwa kuliko neno MKUU. Leo, watu walipokwenda kula, nimelikwangua kwa wembe. Pamebaki doa jeupe. Sijajipa cheo. Nimejitayarisha tu.

Na silaha ninayo! Katalogi hii mpya ililetwa na nani? Na Tabasamu, wiki tatu zilizopita. Kuganda kulianza lini? Wiki tatu zilizopita! Lililobaki ni kuthibitisha. Nitathibitisha kwa vichungulio.

(Maelezo, endapo wajukuu watayasoma haya.) Kichungulio ni tundu unalolitoboa ndani ya programu inayofanya kazi, bila kuizima wala kuibadilisha. Unakaa mbele ya skrini nyeusi, unaandika amri ya mstari mmoja, perf probe, kisha jina la kipande cha programu unachokishuku. Tangu hapo, kila kipande hicho kinapotumika, unaandikiwa: nani kapita, saa ngapi, kabeba nini. Unaweza kutoboa programu ya kawaida. Unaweza kutoboa hata kiini cha mfumo, kule ndani kabisa ambako mafaili hufunguliwa na diski huamrishwa. Ukimaliza, unaliziba tundu, na mashine haijui kama ilichunguliwa. Katika jengo hili, ufundi huo ninao mimi peke yangu.

Wala sihitaji kuizima seva na kuiwasha upya, kama wafanyavyo wavivu. Seva yangu haijazimwa kwa siku mia nne na kumi na mbili. Idadi nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango, na huiongeza kila asubuhi kabla sijavua koti.

Chai ya saa nne na robo nimeinywa peke yangu chumbani. Zamu yangu ya kuipika bado ni Jumamosi adhuhuri, wakati jengo linafungwa na hakuna wa kuinywa. Mwaka jana kuna mtu alifungua orodha ya zamu iliyomo kwenye seva akanihamishia huko. Nilimtafuta kwa kila mbinu. Sikumpata. Nimekwisha kumsamehe, yeyote awaye.


Jumanne, 4 Juni

Siku 413.

Nimeanza. Nimeandika amri ya kuweka kichungulio kwenye kipande cha katalogi kinachotafuta vitabu. Kompyuta ikanijibu kwamba jina la kipande inaliona, ila mistari yake haiioni, wala haijui kimebeba nini. Inataka ramani. Kila programu ina ramani yake ya ndani, inayoeleza mstari upi uko wapi na kila kitu kinaitwaje; bila ramani unatoboa ukutani huku umefunga macho. Wanaopakia programu mara nyingi huiondoa ili kupunguza uzito. Tabasamu aliipakia bila ramani. Nilijua! Ameficha.

Ingenibidi nimwombe. Haiwezekani. Mshindani haombwi.

Nikapanga hila. Nilisubiri aende kunawa mikono, nikaenda kwenye meza yake kwa kisingizio cha kutafuta mashine ya kubana karatasi. Niliibeba ya kwangu mfukoni, ili nikikutwa niseme nimeiona. Nikainama chini ya meza kutazama diski zake za akiba. Nikasikia nyuma yangu: shikamoo, Mzee wangu, umeangusha nini?

Nikasema nimeangusha mashine ya kubana karatasi. Ikaanguka kweli, kutoka mfukoni.

Akaiokota, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba amesikia ninachunguza katalogi, na pengine ningependa ile nakala yenye ramani. Alikuwa anaogopa kunisumbua. Akanipa. Akasema angefurahi siku moja nimfundishe hivyo vichungulio.

Nimeipata ramani! Hakushuku chochote. Kufundisha nimesema tutaona.


Jumatano, 5 Juni

Siku 414. Laiti ningelala tu nyumbani.

Ramani inafanya kazi ajabu. Nimeitaka amri inionyeshe mistari ya kile kipande, ikaimwaga yote na namba zake. Nikachagua mstari wa mia mbili na kumi na nne. Nikauliza vitu gani vinaonekana hapo. Vipo viwili: neno lililotafutwa, na kompyuta lilikotoka. Nikaweka kichungulio, nikaagiza kila anayepita anitajie vyote viwili.

Ikawa kama kusikiliza jengo zima likiwaza. Chumba cha magazeti: ugonjwa wa kuku. Chumba cha watoto: joka, joka kubwa, joka linaloruka. Dawati la kuazima, ambako hukaa Bibi wa Mhuri: namna ya kumsahaulisha mtu namba ya simu. Nilicheka peke yangu hadi miwani ikaanguka.

Ndipo saa tatu na dakika arobaini ukapita mstari huu. Kompyuta: ofisi ya Mkutubi Mkuu. Neno: taratibu za kustaafu. Sekunde ishirini baadaye: hotuba ya kuaga kazini. Kisha: zawadi ya mtu aliyetumikia miaka mingi.

Nani hapa ametumikia miaka mingi? Nina miaka hamsini na nane. Saa nne ilipofika katalogi iliganda dakika zake saba na sikuchungulia chochote. Nilikuwa nahesabu vitu vyangu: kikombe, kirago cha kuswalia, bisibisi nne, chaki.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alikuwa anashona zipu ya sketi ya mteja, pini tatu mdomoni. Nilieleza kirefu: mstari wa mia mbili na kumi na nne, neno, kompyuta, sekunde. Akatoa pini moja moja. Akauliza: yaani, Baba Watoto, umekaa kutwa unamchungulia bosi wako tunduni?

Nikasema si tundu. Ni tundu la kitaalamu.

Akasema basi nimuulize. Mlango wa Mkutubi Mkuu uko hatua kumi na mbili kutoka wangu. Nibishe hodi, niulize kama ni mimi ninayestaafishwa. Nikamweleza kwamba mambo ya kazi hayaendi hivyo. Akarudisha pini mdomoni. Mke wangu akirudisha pini, mazungumzo yamekwisha.

Lakini alinipakulia mara ya pili bila kuniuliza, na chumbani alinishika bega. Najua naye ameogopa.

Azimio: nisipomleta mkosaji mbele ya Bodi Ijumaa, nimekwisha. Kesho hakuna kichungulio kimoja kimoja. Kesho ni vyote.


Alhamisi, 6 Juni

Siku 415.

Mpango ulikuwa mzuri. Amri hii inakubali alama ya nyota, maana yake "kila kitu". Badala ya kutaja kipande kimoja, unatia nyota, na vipande vyote vya katalogi vinatobolewa kwa pigo moja. Saa nne kasoro dakika tano nilitia nyota. Kompyuta ikafikiri, ikaorodhesha: vichungulio elfu tatu na mia mbili. Nikaongeza viwili kwenye kiini, kwa usalama. Nikakaa, mikono kifuani, kumsubiri mkosaji.

Saa nne ikafika. Katalogi ikaganda. Dakika saba zikapita. Ya nane. Ya kumi na tano. Nikatambua kwamba seva ilikuwa inaandika habari za kila anayepita katika matundu elfu tatu, na haikuwa na nafasi ya kufanya jambo jingine duniani.

Nikaandika amri ya kufuta. Herufi ya kwanza ilitokea baada ya dakika moja. Ya pili baada ya dakika moja na nusu. Nilikosea ya tano. Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, nikangoja, nikaona kimefuta mbili. Niliomba dua kwa sauti.

Foleni ilitoka nje ya mlango, ikashuka ngazi, ikafika kwa fundi viatu wa kando ya barabara, ambaye alianza kupata wateja. Bibi wa Mhuri aligonga mhuri kama mpiga ngoma. Mwalimu mmoja mwenye kofia alisema kwa sauti kubwa kwamba amekuja akiwa kijana. Mwenzake akamwambia ashukuru, baba yake alifia kwenye foleni hiyohiyo. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wangu, nasikia kila neno, nasubiri herufi ya tisa.

Tabasamu akaja. Hakutabasamu, kwa mara ya kwanza. Akasema kwa upole: Mzee wangu, tuizime tuiwashe, itachukua dakika nne.

Nikaenda nikasimama mbele ya kitufe cha umeme, mgongo umekiziba. Nikasema siku mia nne na kumi na tano! Nikasema atanipitia mimi kwanza. Aliangalia chaki nyuma ya mlango. Aliangalia ile kadibodi niliyoweka juu ya seva isipate vumbi, na kitambaa changu cha kuifutia kilichokunjwa mara nne. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akasema basi tusubiri wote.

Tukasubiri. Dakika hamsini na moja. Amri ya kufuta ikatimia na jengo zima likapumua.

Sijui kwa nini alikaa. Bila shaka anakusanya ushahidi.

Mkutubi Mkuu alipita tu, akatazama doa jeupe mlangoni pangu, akaenda zake.


Ijumaa, 7 Juni

Siku 416. Naandika nikiwa nimevaa shati la mkutano bado, nimelowa jasho.

Asubuhi nilikuwa na hotuba mfukoni, kurasa tatu, ikisema kwamba katalogi mpya ina kasoro za kimsingi. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na sauti.

Saa tatu Tabasamu akabisha hodi. Akafunga mlango nyuma yake. Akauliza kama jana nilifuta vichungulio vyote. Nikasema vyote, elfu tatu na mia mbili na viwili. Akauliza kama niliwahi kutoa amri ya kuorodhesha vilivyobaki. Nikasema mtu haorodheshi anachokijua. Akaniomba ruhusa, akainama kwenye kibodi, akaandika amri aliyosema ameisoma jana usiku mwongozoni, perf probe --list.

Kikatokea kimoja.

Kiko ndani ya kiini, pale mafaili yanapofunguliwa. Kina jina. Jina nililitunga mwenyewe: mwizi_wa_zamu.

Nilikaa chini. Kiti kilikuwepo, namshukuru Mungu.

Mwaka jana, niliposema nilimtafuta kwa kila mbinu, hii ndiyo iliyokuwa mbinu. Niliweka kichungulio kiniandikie kila faili linalofunguliwa kwenye seva na jina la anayelifungua, ili nimnase aliyegusa orodha ya zamu ya chai. Nikaiagiza seva ianze kusikiliza saa nne kamili kila siku ya kazi, maana orodha hutazamwa kabla ya chai, na iache baada ya dakika saba. Ilikuwa ya siku mbili tu. Kisha nilipata mafua. Niliporudi kazini nilikuwa nimesahau. Kichungulio hufutika seva ikizimwa. Lakini seva hii nani angeizima?

Tabasamu akanieleza taratibu, kama muuguzi anayeeleza mgonjwa. Kila faili likifunguliwa, kichungulio kinaandika mstari. Kila mstari unaiamsha programu yangu ndogo, isome kama faili hilo ni orodha ya zamu. Hiyo programu, ili iamke, yenyewe inafungua mafaili matano. Na yale matano yanaandikwa. Na kila moja linaiamsha tena. Mlinzi wangu amekuwa akijipeleleza mwenyewe mwaka mzima, dakika saba kila siku, akijikuta na kujiripoti. Katalogi ya zamani ilifungua mafaili machache, ikavumilia. Hii mpya hufungua mia nane kwa kila kitabu kinachotafutwa. Ndipo ikashindwa.

Nikauliza nani anajua. Akasema wawili: yeye na mimi. Akasema mia nane ni mengi mno, hilo ni kosa lake na atalisema mbele ya Bodi. Hilo jingine ni langu, niamue mwenyewe. Alifika mlangoni, akageuka, akasema kwamba kichungulio chenyewe kimetegwa vizuri sana. Hajawahi kuona kilichokaa mwaka bila kuangusha mashine.

Nilikifuta. Nikakaa na ile hotuba ya kurasa tatu hadi saa nane.

Mkutanoni walikuwa wajumbe watano, Mkutubi Mkuu, mimi na Tabasamu. Bibi wa Mhuri alikuwa anapitisha chai. Tabasamu alisimama kwanza. Akaeleza habari ya mafaili mia nane, akasema kosa hilo amekwisha kulirekebisha. Akasema palikuwa pia na uchunguzi wa zamani uliogongana na katalogi. Akasema, "Tumeugundua pamoja na Mzee." Akakaa.

Uchunguzi wa zamani! Hakutaja wa nani. Njia ilikuwa nyeupe. Ningeweza kukaa kimya, nikatoka mle nikiwa Mkuu. Nilishika hotuba. Nikamwona Tabasamu ananitazama bila kunitazama, kama jana alivyokaa kitini.

Nikasimama nikasema: ni mimi. Nikasema yote. Mwizi wa zamu, saa nne, dakika saba, mafua. Nikasema jana pia ni mimi, kwa alama ya nyota. Nikasema doa la mlangoni nalo ni mimi, kwa wembe. Hilo halikuulizwa, lakini nilikuwa nimekwisha kuanza.

Kisha kijiko kikaanguka kwenye sinia.

"Shemeji," akasema Bibi wa Mhuri, "ni mimi niliyekuhamisha."

Akaeleza mbele ya Bodi nzima, sinia mkononi. Chai yangu, alisema, ilikuwa ikichemka hadi inapoteza fahamu. Wafanyakazi walikuwa wakiimwagia maua ya ngazini, na maua mawili yalikufa. Wakakubaliana yeye anihamishie siku ambayo hakuna wa kuinywa, bila kuniumiza. Akasema: mwaka mzima unatoboa mitambo, na mimi nakaa hapo dawatini! Mbona hukuniuliza?

Mwenyekiti wa Bodi alicheka hadi akatoa leso. Mkutubi Mkuu hakucheka. Alisubiri watulie. Akasema kwamba ana jambo lake: anastaafu mwisho wa Julai. Amekuwa akisoma taratibu, na anaandaa hotuba ya kuwaaga watumishi wenzake na zawadi kwa waliotumikia miaka mingi. Mimi nikatoa sauti ambayo sikuikusudia. Akasema kwamba katika kuondoka angependa kumwachia mitambo mtu anayeweza kusimama mbele ya Bodi akasema "ni mimi", maana mafundi wengi aliofanya nao kazi walisema ni umeme.

Wamenithibitisha! Kwa sharti moja: kila kichungulio nitakachoweka nimwarifu Tabasamu, na nikifute siku hiyohiyo. Nimetia sahihi. Barua yenye maelezo kamili itafuata Jumatatu.

Nilimwambia Tabasamu kwamba nitamfundisha. Akatabasamu. Nadhani ni tabasamu zuri, nikilitazama sasa.

Nyumbani mke wangu alitoa pini zote mdomoni kwa mara moja, akanikumbatia. Kisha akauliza kama nilimuuliza Mkutubi Mkuu mwenyewe, au ilibidi aniambie mbele ya watu. Nikamwambia kwamba leo nimekuwa mtu mpya. Ukiwa na jambo, uliza. Hatua kumi na mbili tu. Nimeliandika nyuma ya mlango wa chumbani pia.


Jumatatu, 10 Juni

Siku 419. Saa nne imepita na katalogi haikuganda! Wasomaji walikuja, wakaazima, wakaenda. Bibi wa Mhuri amerudisha mhuri wake kwenye droo kwa huzuni.

Nilifika mapema nikifurahi, ufunguo mkononi. Nikasimama mlangoni. Nikashindwa kuamini.

Juu ya lile doa jeupe, mahali nilipokwangua, mtu amebandika karatasi. Imechapwa kwa mashine, herufi kubwa nyeusi, imekatwa vizuri kwa mkasi, imebandikwa kwa gundi pande zote nne. KAIMU.

Nani?

Bodi imenithibitisha! Watu watano, mikono juu, niliihesabu! Nani mwenye kijicho hiki? Tabasamu? Haiwezekani, Ijumaa alinitetea. Lakini mtu hutetea ili asishukiwe. Bibi wa Mhuri? Ana gundi. Mwenyekiti? Alicheka kupita kiasi.

Mezani nimekuta bahasha ndefu kutoka kwa Mkutubi Mkuu, mhuri wa ofisi, jina langu juu. Pongezi, bila shaka. Nitaifungua nikitulia, mtu hasomi pongezi huku ametukanwa mlangoni. Bibi wa Mhuri alipita akauliza: shemeji, umesoma barua yako? Inasema kukaimu kwako kunaisha lini? Nikamjibu kwamba nina kazi. Swali lenyewe la kushuku! Mkutubi Mkuu naye alikuwa ofisini, mlango wazi, hatua kumi na mbili. Alinipungia mkono. Nilimpungia nikaendelea na mpango.

Mpango ni huu. Karatasi imechapwa, basi imepita kwenye printa ya jengo, basi imepita kwenye seva yangu. Aliyechapa neno moja atachapa tena, watu wa namna hiyo hawaachi. Nimeweka kichungulio kidogo tu kwenye kiini, pale kila kazi ya kuchapa inapopita, kinitajie nani, kutoka wapi, na maneno gani. Kila mstari utaiamsha programu ndogo iutazame kama una neno KAIMU. Hayo ya chai hayahusiani hata kidogo. Kule ilikuwa kufungua mafaili, huku ni kuchapa.

Tabasamu alichungulia mlangoni akaniamkia, akauliza kama kuna kichungulio chochote leo, aandike kwenye daftari. Nikasema hakuna. Kitakuwepo siku mbili tu. Kumsumbua kwa siku mbili si ungwana.

Na asiseme mtu kwamba sijifunzi. Safari hii nimekipanga kianze saa tano.